Kipaji Hakisafiri Bila Nauli

Ndugu msomaji, wewe uliye Bariadi, Maswa au Meatu, pengine hujapata kuuona mchezo wa tenisi ila katika televisheni. Hata hivyo, habari za binti wa jirani zetu wa Kenya, Angella Okutoyi, zinamhusu kila mzazi.

Angella na pacha wake walizaliwa mwaka 2004. Mama yao alifariki muda mfupi baada ya kujifungua. Bibi yao, mfanyakazi wa usafi katika shule moja ya Loresho, Nairobi, ndiye aliyewalea. Mjomba wao akawatia raketi mkononi wangali wadogo.

Julai 2022, Angella na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walitwaa ubingwa wa Wimbledon wa wasichana chipukizi, wakicheza wawili wawili. Walishindwa seti ya kwanza, wakashinda ya pili, kisha wakamaliza kwa pointi 11 kwa 9. Machi 2024, mjini Accra, akanyakua dhahabu ya Michezo ya Afrika.

Je, njia imekuwa nyepesi? La, hasha. Katika tenisi ya kulipwa, mchezaji hupanda daraja kwa pointi, nazo hutafutwa nchi kwa nchi. Nauli, malazi na kocha vyote vyataka fedha. Mwaka 2023 Angella alikwenda Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, ambako masomo na mashindano huenda pamoja.

Basi, mzazi wa Simiyu, pamba ikishauzwa, mkumbuke binti kwa daftari na sare. Lakini mwachie pia saa moja ya uwanjani kabla hajatumwa maji. Kaka yake naye aweza kubeba ndoo.