Madeni Chini ya Chungu

Kazi yangu ni kuchora katuni za siasa. Kijana akija kutaka nimfundishe, namfungulia kwanza mchoro wa mchora katuni James Gillray uliouzwa London mwezi wa Julai 1792. George, mwana wa mfalme na mrithi wa kiti cha enzi, amejibwaga kitini baada ya kushiba, anachokonoa meno kwa uma. Tumbo limemfura hata kizibao kinakaribia kufumuka. Kijana hucheka. Kisha namwambia atazame nyuma ya huyo bwana: chungu cha haja kimejaa pomoni, nacho kimekalia hati za madeni ambayo hayajalipwa. Hapo kicheko hupungua.

Miaka mitano kabla ya mchoro huo, Bunge lilikuwa limeidhinisha pauni 161,000 zimlipie George madeni yake, naye akaendelea kukopa. Gillray hakuhitaji kuyahubiri hayo. Aliziweka tu hati mahali ambapo jicho lingezikuta. Mwezi uleule akatoa mchoro wa pili, wa wazazi: Mfalme George III anakula yai la kuchemsha, malkia anajijaza majani ya saladi mdomoni, na mekoni hakuna moto, pamepambwa maua. Mwana mlafi, baba bahili. Ukiitazama michoro hiyo pamoja, hujui umhurumie nani zaidi ya Mwingereza anayewalisha wote wawili.

Mbinu yenyewe ya kuchapa michoro hii ilidai mkono usiotetereka. Bamba la shaba lilipakwa utando wa nta, mchoraji akachora kwa sindano mpaka shaba ionekane, kisha tindikali ikala pale palipokwanguliwa. Bamba likapakwa wino, likafutwa, likapitishwa kwenye mashine pamoja na karatasi yenye unyevu. Chapa hutoka kinyume, kwa hiyo kila neno lilipaswa kuandikwa kinyumenyume. Mimi nikikosea leo nafuta, lakini kwenye shaba kosa humgharimu mtu jasho. Rangi zilipakwa kwa mkono, nakala moja baada ya nyingine, ndiyo maana nakala ya rangi iliuzwa ghali kuliko ile isiyo na rangi. Aliyekuwa akiiuza michoro hiyo ni mama mmoja, Hannah Humphrey. Gillray aliishi orofani, juu ya duka la mama huyo, na asiye na hela alisimama barabarani akaangalia dirishani bure.

Mchoro ninaoupenda kuliko yote ni wa Mei 1797. Vita na Ufaransa vilikuwa vimekausha dhahabu, na Februari ya mwaka huo Benki ya Uingereza ikaacha kuwapa watu dhahabu kwa noti zao. Gillray akaichora benki kama bibi kizee aliyekonda, amevaa gauni la noti, amekalia sanduku la hazina lililofungwa kwa kufuli. Waziri Mkuu William Pitt anajifanya anambusu, huku mkono wake umeshaingia mfukoni mwa bibi. Sakafuni imeanguka karatasi ya mikopo. Mtu asiyejua lolote kuhusu fedha za serikali alielewa papo hapo nani anaibiwa, na mpaka leo Waingereza huiita benki hiyo Bibi Kizee wa Mtaa wa Threadneedle.

Mwaka huohuo serikali ya Pitt ilianza kumlipa Gillray posho ya pauni 200 kwa mwaka, kwa siri. Jambo hili linaniuma. Sindano haikuwa butu, lakini ikazidi kuelekezwa kwa wapinzani wa Pitt, hasa Charles James Fox, aliyechorwa kama kibaraka wa Wafaransa. Kijana wangu akifika hapa huniuliza kama yeye angekataa. Namwambia akataaye posho ni yule aliyeamua kabla haijaletwa.

Naye George aliyechokonoa meno kwa uma alikuwa mnunuzi mzuri wa michoro ya aina hii. Maelfu ya michoro ya kejeli ilikusanywa katika maktaba ya kifalme ya Windsor, na mwaka 1921 mkusanyo mkubwa ukauzwa kwa Maktaba ya Bunge la Marekani, ambako unatunzwa hadi sasa.