Saloni ya mchimbaji: upepo uingie, moyo utulie

Mchimbaji anayetoka Mangurujipa amekaa majuma mengi chini ya hema, miguu ndani ya matope. Akifika Butembo ao Beni, anatafuta kwanza fasi ya kukaa na kupumua. Lakini nyumba nyingi saloni imejaa: fotei kubwa kupita chumba, pikipiki inayolala ndani juu ya wezi, mifuko ya makala, magodoro ya ndugu waliokimbia vita. Mtu anapita ubavu, anaketi, na kichwa hakipumziki.

Wachina wana elimu ya zamani inaitwa feng shui, maana yake upepo na maji. Ilianza kwa kuchagua fasi nzuri ya makaburi na nyumba. Leo watu wanaitumia hata kwa kupanga viti. Inahesabu vitu vitano: mti, moto, udongo, madini na maji. Na kwa Kichina, neno la madini hayo, jin, ndilo pia neno la dhahabu. Huko Guangzhou, ambako wafanyabiashara wa Butembo wanafuata mali, si jambo geni.

Tuseme wazi: kugeuza kiti hakuongezi hata grama moja ndani ya karai. Lakini shauri zake nyingi ni akili tu, na hazilipishi franka.

Kwanza, mlango. Ufunguke mpaka mwisho, na njia ya kupita ibaki wazi. Pikipiki iegemezwe ukutani, mbali na mlango. Siku ya kukimbia usiku, njia hiyo ndiyo itawatoa watoto.

Pili, kiti cha kupumzikia. Mgongo uwe kwa ukuta, macho yaone mlango, lakini kiti kisisimame mkabala nao. Beni, ambako watu wanasikia masasi tangu 2014, tunaelewa haraka juu ya nini: mtu anayeona nani anaingia, moyo wake unashuka.

Tatu, uzito. Usirundike fotei zote upande mmoja na kuacha upande mwingine mtupu. Viti vitazamane, watu wasemezane, si televizio peke yake. Magodoro ya wageni yaviringishwe asubuhi, yafunikwe kitenge, yawe kiti cha mchana. Hivyo saloni inarudi kuwa saloni, na ndugu aliyekimbia hajioni mzigo.

Ine, mwangaza na rangi. Beni kuna joto: kuta nyeupe na rido nyepesi zinasaidia. Butembo kuna baridi ya milima: mbao ya libuyu na kitambaa chenye rangi ya udongo vinapasha macho.

Tano, na hili ndilo kubwa: upepo wenyewe. Juu ya baridi, watu wanaingiza mbabula ndani na kufunga madirisha. Sumu inayotoka kwa makala haina rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Mbabula ibaki nje.

Vilevile dhahabu iliyoshikwa na merkiri isichomwe kamwe ndani ya nyumba, hata jikoni. Mvuke wake hauonekani. Unashika rido, tapi na magodoro, na watu wanaendelea kuuvuta kisha moto kuzimika. Unaharibu ubongo na figo. Watoto na mama wenye mimba wanaumia zaidi. Baba, nguo za kazi zivuliwe nje na zifuliwe peke yake. Mama, usione haya kumukumbusha.

Na feza ikipatikana, bwana na bibi wapime chumba kwa hatua kabla ya kwenda kwa seremala. Fotei mbili zinazoacha njia ni bora kuliko tano zinazofunga dirisha.