Simu Ilizama, Barua Pepe Ikabaki Wazi

Mwaka juzi nilitoka Leicester kwenda Mombasa kumwona mama. Siku ya nne, tukivuka Likoni kwa feri, simu iliniponyoka mkononi ikatumbukia baharini. Nikajiambia, simu hununuliwa.

Kesho yake nilitaka kuchapa tiketi ya kurudi. Nikaingia saiba moja mjini, nikafungua barua pepe, nikapakua tiketi na nakala ya pasipoti, nikachapa, nikalipa. Nyuma yangu watu walikuwa wanasubiri zamu. Nikafunga dirisha kwa kubofya ile alama ya X, nikaenda zangu. Sikutoka kwenye akaunti.

Siku mbili baadaye simu ya mama ikalia. Mama alikuwa anaswali, nikaipokea mimi. Alikuwa ami yangu aliyeko Muscat, sauti inamtetemeka: "Shemeji, mtoto amelazwa hospitali gani?"

Mtoto mwenyewe alikuwa barazani, kikombe cha chai mkononi.

Ami alikuwa amepata barua kutoka anwani yangu hasa. Ilisema nimeporwa na kuumizwa, hospitali wanadai malipo, atume riali 150 kwa jina la rafiki anayeniuguza. Ilimwita Ami, kama ninavyomwita siku zote. Ilitaja hata presha ya mama. Aliyeiandika alikaa kitako akasoma barua zetu za miaka. Ami alikuwa njiani kwenda kutuma pesa. Alipiga simu kwa sababu tu aliona si adabu kutompa mama pole kwanza. Adabu yake ndiyo iliyotuokoa.

Sisi tulio mbali na nyumbani tunaaminiana kwa maandishi. Anayeishika barua pepe yako anaweza kusema kwa sauti yako mbele ya ndugu zako wote. Kwa hiyo haya ndiyo ninayoyafanya sasa.

Kabla ya safari

Nachapa tiketi na karatasi muhimu nikiwa kwangu. Pia nimewasha uthibitishaji wa hatua mbili: mbali na neno la siri, akaunti hudai namba maalumu, ambayo mara nyingi huja kwenye simu. Na simu ikizama? Google hutoa namba 10 za akiba, kila moja hutumika mara moja tu. Zangu nimeziandika kwenye karatasi, na siiweki pamoja na simu.

Mbele ya kompyuta ya watu

Kama kuna ndugu unayemwamini, azima simu au kompyuta yake kwanza. Ukilazimika kutumia ya saiba, hoteli au uwanja wa ndege, tumia dirisha la faragha la kivinjari, na kompyuta ikiuliza kama ihifadhi neno la siri, kataa. Ukimaliza, toka kwenye akaunti, kisha ndipo ufunge madirisha yote. Faili ulizopakua hubaki hata ukitumia dirisha la faragha. Zifute, na uzifute tena kwenye pipa la taka.

Jua pia kwamba dirisha la faragha halizuii programu au kifaa kinachonasa kila herufi unayobofya kwenye kibodi. Ndiyo maana kompyuta ya namna hiyo sifungulii akaunti ya benki kabisa.

Ukifika penye kifaa chako

Badilisha neno la siri mara moja. Fungua orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti yako na uviondoe usivyovitambua. Kagua kama namba ya simu ya kurejesha akaunti ni yako bado. Kisha angalia mipangilio ya kuchuja na kusambaza barua. Mimi nilikuta kila barua ya Ami imeamriwa iende moja kwa moja kwenye taka, nisipate kuona majibu yake.

Mwisho, elewaneni nyumbani. Kwetu, ombi lolote la pesa kwa maandishi, hata liwe la mtoto wa tumboni, hungoja simu. Anayeombwa ndiye anayepiga, kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani, na lazima asikie sauti.

Ami huniuliza kila nikisafiri: "Umeshatoka?" Si mlangoni anakouliza.