Form Ni Gani, Taru?

“Form ni gani?” Hiyo ndio swali ya Friday hapa stage Taru, malori yakipita na vumbi ikikula sneakers umepiga brush tangu asubuhi. Tulia buda, hakuna mtu ameuliza masomo. Umeulizwa tunaenda wapi, na nani analipa.

Ukijibu “form ni Diani”, base nzima inashangilia. Halafu mnapiga hesabu. Mat mpaka Mombasa. Ferry ya Likoni ni free ukiwa na miguu yako, na hapo ndio mwisho wa vya bure. Mat ingine mpaka Ukunda. Boda mpaka beach. Kufika, soda moja kwa hoteli ya watalii inauzwa bei ya kuku wa kienyeji. Unainywa masaa mawili, barafu ikiyeyuka inakuongezea. Msee wa “niko na form” na hana fare, hizo ni stori za jaba.

Sasa jaribu kumwambia mbuyu uko na form. “Chief ameshapiga muhuri?” Kwake form ni karatasi. Photocopy ya ID, sahihi, laini, kesho urudi. Na hapa Kwale karatasi tunazijua: Mvurya akiwa gavana, 2013 mpaka 2022, form ya bursary ya Elimu ni Sasa ilikuwa stori ya kila plot.

Babu naye ni level ingine. Ukitaja form tu, anakohoa: “Mimi ni Form Six!” Babu, Form Six ilizikwa na mtihani wa 1989, 8-4-4 ikachukua kiti. Hiyo CV iko museum.

Kwa video show, form ni ya straika. Akifunga, yuko form. Akipaisha penalty, hana form. Na wewe uliyeweka doh ya supper kwa bet, pia huna form. Ya kurudi home.

Aibu kubwa ni kuzichanganya. Manzi wa Ukunda aki-text “form?”, usijibu “Form Four, 2022, C plain.” Blue tick. Imeisha hiyo.

Na cheki vile mambo imegeuka. KCPE ya mwisho ilikuwa 2023. Madogo walioifanya ndio wa kufunga duka na KCSE ya 2027. January 2026, wenzao wa CBC wameingia Grade 10, hawajui Form One ina harufu gani. Form ya darasani iko ICU, ya mtaa iko gym inainua vyuma. Na vile wazee walitulilia masikioni eti Sheng inaua Kizungu! Sai ni sisi tunalisha neno lao.

Dogo wa Grade 10 hatawahi kukalia dawati ya Form Four. Lakini Friday atakuja base kuuliza form. Aje na fare yake.