Je, Wajua? Mara Nyingi Bifu Huanzishwa na Mkongwe

Je, wajua kwamba katika bifu kadhaa maarufu za hip hop ya Marekani, rapa mkongwe ndiye aliyemwanza nyota wa chati? Mwaka 1987 Kool Moe Dee, aliyetoka kundi la Treacherous Three, alimshutumu LL Cool J kwa kuchukua mtindo wa waliomtangulia bila kuwapa heshima yao. Jalada la albamu yake How Ya Like Me Now lilionyesha kofia nyekundu ya Kangol, kitambulisho cha LL, ikiwa chini ya gurudumu la gari la Jeep. Mwaka 2008 Ice-T naye alimlaumu Soulja Boy, kijana wa miaka 17, kwa kuiua hip hop.

Wengi husema ni wivu wa fedha. Wivu upo, lakini hautoshi kueleza. Kool Moe Dee alijijengea jina Harlem mwaka 1981 kwa kumshinda rapa Busy Bee jukwaani, mbele ya umati; enzi hizo cheo kilipatikana ana kwa ana. Redio, televisheni na mauzo vilipogeuka waamuzi, mkongwe alipoteza uwanja aliokuwa akishindia, na uchokozi ukawa njia ya kumvutia kijana huko. Mtu atauliza: mbona Canibus, akiwa chipukizi, alimgusa LL katika wimbo wa 4, 3, 2, 1 wa mwaka 1997? Kweli, ila alichofanya ni kuomba kuazima maikrofoni iliyochorwa mkononi mwa LL. Aliyeona dharau, akajibu kwa ukali humo humo, ni LL, ambaye sasa ndiye alikuwa mkongwe.