Kompyuta na Kazi ya Video: Tafuta Ugonjwa Kabla ya Dawa

  Walio darasani na wafungue madaftari yao. Walio nyumbani na wasogee karibu na redio.

Leo nitasema nanyi juu ya kompyuta za nyumbani, hasa za wale watengenezao video za arusi na sherehe. Wengi hulalamika, "Kompyuta yangu ni goigoi. Video moja naingoja usiku kucha." Kisha hutoa akiba yao, wakanunua kifaa cha kwanza wanachoonyeshwa dukani. Mimi pia nilifanya hivyo. Nilinunua RAM, nikaipachika kwa furaha. Video iliyochukua dakika 50 ikachukua dakika 50 vilevile! Nilitoa dawa kabla ya kuujua ugonjwa. Basi somo letu ni hili: tafuta kwanza kinachochelewesha, ndipo ununue.

Kazi yenyewe ni nini?

Video ni picha nyingi zipitazo upesi mbele ya macho. Mara nyingi hupita picha 25 kwa sekunde moja. Je, video ya dakika 10 ina picha ngapi? Dakika 10 ni sekunde 600. Zidisha kwa 25, utapata picha 15,000. Ukiisha kuunganisha vipande na kutia maandishi na muziki, kompyuta hapana budi izipitie picha zote, iziandike upya katika faili moja. Kazi hii mafundi huiita kurenda. Kila picha ikichukua sehemu moja ya tano ya sekunde, utangoja dakika 50. Ikichukua sehemu moja ya kumi, utangoja dakika 25.

Duka la fundi cherehani

Fikiri duka la fundi cherehani. Prosesa ndiyo fundi mwenyewe, ashonaye nguo. RAM ni meza yake, anapotandaza vitambaa anavyovishona sasa. Diski ni kabati la kuwekea vitambaa vyote. Kadi ya grafiki ni msaidizi ajuaye kazi chache tu, lakini huzifanya upesi sana.

Meza ikiwa finyu, fundi hupoteza wakati akienda na kurudi kabatini. Lakini meza ikiwa yamtosha, kumpa meza pana zaidi hakutamfanya ashone upesi. Ndiyo sababu RAM yangu haikunisaidia.

Namna ya kupima

Kama kompyuta yako hutumia Windows, anza kurenda, kisha bonyeza pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Fungua ukurasa wenye michoro ya kazi, utazame.

1. Prosesa ikikaa karibu na asilimia 100 wakati wote, fundi amelemewa.

2. RAM ikijaa, na diski ikihangaika, meza ni finyu. Mwenye GB 8 akiongeza zifike 16 ataona tofauti.

3. Diski peke yake ikifika asilimia 100, kabati ndilo linalochelewesha. Diski ya zamani izungukayo husoma yapata MB 100 hadi 150 kwa sekunde. SSD ya kawaida, aina ya SATA, hufika yapata 500.

4. Kadi ya grafiki ikilala huku prosesa ikitoka jasho, tazama mipangilio ya programu yako ya video. Huenda utaweza kuiamuru kadi iandike video. Prosesa nyingi za Intel tangu mwaka 2011 zina sehemu ya namna hii ndani yake. Jambo hili halikugharimu hata senti moja. Lakini jaribu kwanza kwa video ya dakika moja, uone kama picha zimebaki safi.

Usisahau vumbi. Feni ikiziba, prosesa hupata joto, nayo hupunguza mwendo wake ili isiungue. Kusafisha huweza kukuokolea fedha nyingi.

Kabla ya kwenda dukani

Andika jina na namba ya kompyuta yako katika karatasi. RAM ya DDR4 haiingii mahali pa DDR3. Tena, katika kompyuta nyingi za mapajani prosesa imegandishwa kwa risasi, haibadilishwi. Ikiwa fundi amelemewa katika kompyuta ya namna hiyo, usipoteze fedha kwa vipande. Weka akiba ya kompyuta nyingine.

Kabla ya kuifungua, nakili kazi zako mahali pengine. Zima, chomoa waya wa umeme, kisha gusa chuma cha sanduku lake, maana umeme mdogo wa mwilini waweza kuharibu vifaa.

Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Renda video ileile, ukitazama saa, kabla na baada. Saa haina upendeleo, haina duka.

Maswali ya darasa

1. Video ya dakika 4 ina picha ngapi, zikipita 25 kwa sekunde?
2. RAM inajaa nusu tu, prosesa iko asilimia 100. Je, utanunua RAM? Toa sababu.
3. Taja mambo mawili ya kufanya yasiyohitaji fedha.

Jadilianeni na mwalimu wenu. Mpaka somo lijalo, kwaherini.