Upasuaji wa kaakaa: Kwa nini baadhi ya watoto huendelea kuzungumza kwa pua?

Katika mitaa ya Buyenzi na Bwiza jijini Bujumbura, ambako Kiswahili kimezoeleka nyumbani na sokoni, wazazi husubiri kwa hamu neno la kwanza la mtoto. Kwa aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka, neno hilo huweza kuchelewa. Na likifika, "baba" husikika kama "mama".

Sababu ni pumzi. Mtu anapotamka p, b, t, d, k au s, sehemu laini ya kaakaa hunyanyuka na kuziba njia ya puani. Kwa m na n, njia hiyo huachwa wazi. Kaakaa lenye mpasuko haliwezi kuiziba, hivyo pumzi hupotelea puani.

Upasuaji huunganisha misuli iliyotengana, na watoto wengi huja kuzungumza vizuri. Hata hivyo, kwa baadhi yao kaakaa hubaki fupi, nao huhitaji upasuaji wa pili. Wengine hubaki na mazoea ya zamani ya kukata sauti kooni badala ya kutamka k au t. Mazoea hayo hayaondolewi kwa kisu, bali kwa mazoezi ya matamshi.

Umri nao una uzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliohusisha watoto 558 wa Ulaya na Brazil, ulionyesha kuwa miongoni mwa waliopangiwa upasuaji wakiwa na miezi 6, asilimia 8.9 walikuwa na kaakaa lisiloziba vyema walipofikisha miaka 5. Kwa waliopangiwa miezi 12, kiwango kilikuwa asilimia 15.

Mzazi anaweza kuweka kioo kidogo chini ya pua ya mtoto anaposema "papa": kioo kikipata ukungu, pumzi inavuja, na inafaa daktari aelezwe. Masikio pia yapimwe, kwani majimaji nyuma ya ngoma ya sikio huwapata sana watoto hawa. Kupuliza maputo hakufundishi matamshi. Kurudia silabi na maneno ndiko kunakofaa.

Mpasuko huweza kujificha nyuma ya mdomo ulio mzima. Mtoto mchanga anayetokwa na maziwa puani achunguzwe kinywani mapema. Burundi iliondoa malipo ya matibabu kwa walio chini ya miaka 5 mwaka 2006. Ni vyema mzazi aulize hospitalini iwapo upasuaji huu umo, kabla umri huo haujapita.